Mtoto wa mbwa wa nyumbani na wa kuwindia ndege: wa kwanza nilimharibu, wa pili nilianza kwa kufundisha watu

Baba Duma

Wakuu habari. Uzi ni mrefu, asiye na haraka avute kiti.

Nina Labrador jike, mweusi, ana miezi 14, anaitwa Duma. Analala ndani, watoto wanamlalia kama mto, na msimu huu nimeanza kutoka naye kuwinda ndege. Naandika kwa sababu aliyemtangulia nilimharibu kwa mikono yangu, na kila nikikaa na wawindaji nasikia kile kile nilichokuwa najidanganya nacho zamani: mbwa wa kuwinda akiingia ndani akachezewa na watoto, kwisha habari yake.

Yule wa kwanza alikuwa Spaniel dume, ana akili kunizidi. Nilimweka bandani ili "asidekezwe". Watoto niliwakataza hata kumshika. Alipofika miezi 4 nikaenda naye mahali ambapo jamaa zangu walikuwa wanajaribu bunduki zao. Hesabu yangu ilikuwa kwamba azoee mlio mapema. Mlio wa kwanza akalala chini. Wa pili sikumwona tena. Tulimkuta chini ya gari, amejibana kwenye gurudumu la nyuma, anatetemeka mpaka kile kichuma cha kola kinagonga rimu, ti-ti-ti-ti. Jamaa mmoja akacheka. Mimi nikamvuta kwa mnyororo nikamrudisha pale pale ili "ajikaze".

Tangu siku hiyo mlango ukibamizwa anajikojolea. Sufuria ikianguka jikoni, hayupo. Tuliishi naye miaka 9, na kila alipouona mfuko wa bunduki ukitoka kabatini aliingia chini ya kitanda kabla sijafungua zipu.

Sasa niambieni, huyo alidekezwa na nani?

Kwa Duma nikageuza kibao. Wiki moja kabla hajafika nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, maneno matano tu: kaa, leta, toa, basi, kitandani. Mke wangu akaisoma, akauliza "njoo" iko wapi. Nikamwambia ahesabu tangu asubuhi amesema "njoo" mara ngapi. Njoo unywe chai, njoo uvae viatu, njoo hapa wewe. Mbwa akilisikia neno mara 100 kwa siku na halimhusu, kwake linageuka kelele za nyumba kama feni. Kwa hiyo kumwita ni filimbi. Pi-pi-pi-pi fupi fupi, rudi. Mlio mmoja mrefu, simama hapo ulipo. Binti yangu mkubwa ana filimbi yake na mimi yangu, zote za namba ile ile ili sauti isitofautiane. Uzuri wa filimbi haina hasira wala mafua.

Jina nalo lilizua kesi. Mwanangu mdogo alitaka aitwe Tola. Sema "Tola" na "toa" ukiwa unahema katikati ya nyasi uone kama mbwa atatofautisha.

Nitaendelea. Wenye uzoefu karibuni.


Mama Watatu

Kaka, "njoo" nimekuelewa. Na "kaa" je? Mimi nusu ya siku nasema kaa chini, kaa vizuri, kaeni kimya.


Baba Duma

Dada umenikamata. Hiyo ilitusumbua kweli. Tulichofanya, kila ukimwambia mbwa kaa unainua kiganja, yeye anasoma mkono kuliko mdomo. Baada ya wiki mbili ukiinua kiganja tu bila neno, anakaa. Mwanangu mdogo sasa akisimamisha gari barabarani kwa mkono, Duma naye anakaa.


Mzee wa Kwale

Kijana, mimi mbwa wangu wote wamelala bandani na wameniletea ndege miaka zaidi ya 30. Sikubaliani na wewe moja kwa moja. Ila ulilofanya kwa huyo Spaniel, hata aliyelala juu ya godoro lako angeharibika.

Nitakwambia kinachomharibu mbwa wa ndani. Si godoro, ni mpira. Mtoto anarusha, mbwa anakimbia. Anarusha, anakimbia. Mara 60 kwa jioni moja. Baada ya miezi mitatu umepata mbwa ambaye kitu chochote kikipaa hewani miguu inaondoka kabla ya akili. Siku ya siku kwale anaruka, mbwa yuko nyuma yake, wewe bunduki iko begani na kichwa cha mbwa kiko mbele ya mtutu. Hapo hupigi, na ukipiga utalia.

Wa kwangu namkalisha, narusha, halafu naenda kuokota MWENYEWE. Yeye anatazama tu. Narusha tena, naokota mwenyewe. Ya tatu ndiyo namtuma. Anajifunza kwamba kinachoanguka si chake mpaka aambiwe.


Mama Watatu

Mzee, shikamoo. Sasa watoto wacheze naye nini? Maana ukiwanyima mpira nyumba haikaliki.


Mzee wa Kwale

Marahaba. Wafiche. Mbwa anakalishwa jikoni, mtoto anaficha soksi nyuma ya pazia, chini ya mto, kwenye kiatu cha baba, halafu "tafuta". Mbwa anatumia pua badala ya macho, na dakika kumi za pua zinamchosha kuliko saa ya mpira. Watoto wenyewe watamaliza sehemu za kuficha kabla yeye hajachoka kutafuta.


Kijana Mpya

Wakuu nimepata wa kwangu juzi, wiki 9, pointa wa Kijerumani wale wa manyoya mafupi. Usiku analia, anakojoa kila kona, na meno yake kama sindano. Baba yangu anasema nimpeleke akasikie bunduki akiwa mdogo hivi hivi maana mtoto haogopi. Na je, huyu na Labrador nani bora kwa nyumba yenye watoto?


Baba Duma

Mkuu, baba mheshimu ila hilo usilifanye. Rudi juu usome ti-ti-ti-ti.

Kukojoa: kila akiamka, kila akimaliza kula, kila mchezo ukiisha, mbebe mpeleke nje hapo hapo na usimame naye mpaka amalize. Kwa kukadiria, mwezi mmoja wa umri ni saa moja ya kujizuia, kwa hiyo huyo wako mchana hazidi saa mbili. Akikojoa ndani kosa ni la mwenye saa. Kulia usiku, sogeza kizimba chake karibu na kitanda chako, ushushe mkono wako anuse harufu tu. Siku ya nne au ya tano atanyamaza, baadaye utakisogeza kidogo kidogo.

Meno: akikung'ata, mchezo unakufa. Simama, mpe mgongo. Usimpige mdomoni. Mdomo huo ndio utabeba ndege, hutaki auhusishe na mkono wako unaoumiza.


Mzee wa Kwale

Kuhusu aina. Pointa kazi yake kunusa ndege kwa mbali kisha kuganda, mguu juu, mpaka wewe ufike. Spaniel anaingia kichakani anamwamsha ndege karibu na wewe. Labrador na Golden Retriever wamezaliwa kuokota na kuleta, majini na nchi kavu. Asili ya Labrador ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, huko Kanada, Waingereza wakamkamilisha kwao, chama chao cha mbwa kikamtambua rasmi mwaka 1903. Golden alianzia Uskoti, uzao wa kwanza mwaka 1868, Retriever wa njano kwa jike wa Spaniel wa majini. Hawa wawili hawaoni shida kusubiri. Pointa wa Kijerumani ni mbwa mzuri mno na ana upendo, ila ukimnyima kukimbia atakula sofa.

Kuliko aina, tazama ukoo. Kuna koo za maonyesho na koo za kazi ndani ya aina hiyo hiyo. Ulipaswa kumwona mama yake akifanya kazi kabla hujamchukua mtoto. Na vyeti vya kuonyesha nyonga za wazazi hazina kasoro, hasa hawa wakubwa.


Kijana Mpya

Mama yake nilimwona amefungwa tu. Basi nitaomba Mungu.


Daktari wa Ng'ombe

Nipite kwa upande wa afya maana hakuna aliyegusa. Mimi ni daktari wa mifugo, mbwa naona kila siku licha ya jina langu la hapa.

Chanjo za distempa na pavo, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, zinaanza wiki ya 6 hadi 8, zinarudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Ile ya mwisho watu wengi hawarudi, na ndiyo muhimu, kwa sababu kinga aliyopewa na maziwa ya mama huwa inaizuia ile ya mwanzo isifanye kazi vizuri. Kichaa cha mbwa kuanzia wiki ya 12, hiyo haina mjadala kwenye nyumba yenye watoto. Dawa za minyoo tangu utotoni, kwa ratiba atakayokupa daktari wako.

Hapa kuna mtego. Kipindi ambacho ubongo wa mbwa unapokea vitu vipya bila woga ni kama wiki ya 3 hadi ya 14. Ukimfungia ndani mpaka chanjo ziishe, mlango huo umefungwa. Ukimwachia atembee popote, pavo inamsubiri. Kwa hiyo mbebe. Mkononi, begani, kwenye gari. Aone baiskeli, wazee wenye mikongojo, mvua, ng'ombe, watoto wanaopiga kelele, bila miguu kugusa ardhi ambayo mbwa wengine wanapita.

Mifupa bado ni laini mpaka mwaka na zaidi. Mtoto wa mbwa asikimbizwe nyuma ya baiskeli wala kurukishwa ukuta. Na mkianza kuwinda, kila mkirudi kagua masikio, katikati ya vidole na kwapani. Mbegu za nyasi zile zenye ncha zinaingia mwilini na hazirudi nyuma. Nimetoa moja ndani ya sikio la mbwa ambaye mwenyewe alidhani anatikisa kichwa kwa furaha. Mifupa ya ndege iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye makali.


Baba Duma

Asante sana daktari. Niendelee sasa na mdomo na mlio, maana ndiyo niliyokuja kusema.

Mdomo. Korido yetu ni nyembamba, milango yote ikifungwa inabaki njia moja tu. Kila jioni binti yangu (miaka 11) alikaa chini mwisho wa korido, akatupa soksi iliyokunjwa, Duma akaifuata, akaiokota, na kwa kuwa hakuna pa kwenda ila kurudi, akarudi. Binti hakumnyang'anya. Alimpapasa shingo soksi ikiwa bado mdomoni, akamwacha aringe nayo, ndipo akasema "toa". Mara tatu tu, mchezo umekwisha, Duma akiwa bado anataka. Hapo kwenye "bado anataka" ndipo watu wazima tunaposhindwa, tunarusha mpaka mbwa achoke halafu tunasema hapendi kuleta.

Kuvutana kitambaa, marufuku. Kumkimbiza akiiba kiatu, marufuku. Ukimkimbiza umemfundisha kwamba mwenye kitu mdomoni anatoroka. Mwanangu mdogo ilimchukua muda. Siku Duma alipoiba kiatu chake cha shule alisimama mlangoni machozi yanamtoka, mikono nyuma, akapuliza filimbi. Kiatu kikarudi kimelowa ila kizima.

Miezi 4 hadi 6 tuliacha kabisa. Meno ya utotoni yanang'oka, fizi zinauma, ukimbebesha kitu anajifunza kwamba kubeba kunaumiza. Tulibaki na kutafuta kwa pua tu.


Kijana Mpya

Na mlio?


Baba Duma

Nakuja.

Tulianza na bakuli. Duma anakula jikoni, mtoto yuko chumba cha mwisho anagonga kijiko kwenye sufuria mara moja. Akiinua kichwa, tumezidisha, kesho mlango ufungwe. Akiendelea kula, wiki ijayo chumba kinachofuata.

Bunduki sikuigusa mpaka miezi 8, na umri haukuwa kigezo. Kigezo kilikuwa ndege. Nilisubiri mpaka akiona bawa anaacha hata chakula. Nilifunga bawa la bata kwenye dami, kile kifurushi cha turubai cha kumfanyia mazoezi, na nikamwacha awe kichaa nalo kwanza.

Siku yenyewe msaidizi alisimama mbali, kama mita 150, ametupa mgongo, ana bastola ya baruti tupu, ile ya kuanzishia mbio. Nikamtuma Duma. Akiwa katikati ya mbio nikapunga mkono, pa. Sikumtazama mkia, nilitazama masikio. Sikio la kushoto liligeuka nyuma, likarudi mbele. Akaokota, akaleta. Nikafunga siku. Msaidizi alininunia, ametoka kwake kote huko kwa mlio mmoja!

Keshokutwa yake milio miwili. Wiki iliyofuata mita 100. Kuna siku alisimama akatazama ulikotoka mlio, tukarudi mita 150 tukakaa huko siku nyingine tano. Bunduki ya marisau yenyewe ilikuja baada ya mwezi na nusu, tena ndogo, geji 20, tena kwa mbali, tena anapokimbia. Mpaka leo hakuna aliyewahi kupiga juu ya kichwa chake akiwa amekaa bure.

Akishtuka usimfokee na usimrudishe pale pale. Ondoka naye, cheza naye, punguza. Mimi nilimrudisha wa kwanza, mnajua yaliyompata.


Mzee wa Kwale

Hapo sina la kuongeza, isipokuwa moja. Ndege wake wa kwanza awe amekufa, amepoa, hajachanika, hana damu. Usimpe aliyejeruhiwa anayepiga mabawa, atamdona usoni, na mbwa atajifunza ama kuogopa ama kuminya. Akishaminya mara moja akasikia mifupa inavunjika, mdomo laini umepotea. Na asiwe njiwa. Manyoya ya njiwa yanabanduka yanajaa ulimini, wengi wanatema na hawarudii.


Mama Watatu

Swali la mama. Bunduki, watoto na mbwa kwenye uwanja mmoja, mnafanyaje? Na vibali?


Baba Duma

Kibali cha kuwinda, leseni ya silaha, msimu na idadi ya ndege unaoruhusiwa, hivyo kila mtu afuate sheria ya mahali alipo, bila hivyo usitoke nyumbani. Bunduki nyumbani imefungwa, risasi zimefungwa kwingine. Porini, bunduki haiwekwi chini ikiwa na risasi hata kwa kufunga kamba ya kiatu. Mbwa amewahi kukanyaga kifyatulio, si hadithi hiyo, imetokea zaidi ya mara moja. Ndege akiruka chini chini usawa wa mbwa, anaachwa aende. Binti akija anakaa hatua tatu nyuma yangu upande wa kushoto, ana filimbi tu.


Kijana Mpya

Mkuu wiki mbili kimya. Ulisema msimu umeanza. Kulikoni?


Baba Duma

Samahani, kazi zilinibana. Mzee, nikupe salamu zako kwanza: sikukusikiliza. Ndege wa kwanza kuanguka alikuwa njiwa, nikasema potelea mbali nikamtuma. Duma akamwokota, akapiga hatua tano, akasimama, akatema. Ulimi wote manyoya. Alinitazama kama mtoto aliyepewa juisi ikawa dawa. Njiwa nikamfuata mwenyewe, sikusema neno.

Nusu saa nzima hakuna kitu. Joto likapanda, nikampa maji kivulini maana alianza kuhema ulimi umetoka wote, na nilikuwa nimeshaamua turudi nyumbani. Tunakaribia ukingo wa shamba, kwale mmoja akapaa kulia. Duma alikaa. Bila filimbi, bila kiganja, matako chini, anatetemeka mzima. Safari hii kola haikugonga kitu. Nikapiga, kwale akaangukia upande wa pili wa mtaro. Nikahesabu mpaka tano kimoyomoyo, nikamtuma.

Alipotea kwenye nyasi muda mrefu kiasi cha kunitoa jasho. Halafu nyasi zikatikisika, akatokea, kwale yuko mdomoni, bawa moja limemfunika jicho, anakuja amenyoosha mkia. Nikapiga goti, nikatoa mkono.


Mzee wa Kwale

Akamweka mkononi?


Baba Duma

Mkononi, ila si wangu. Alinipita kama nguzo. Akaenda moja kwa moja hatua tatu nyuma upande wa kushoto, akakaa mbele ya binti, akasubiri kupapaswa shingo. Binti akampapasa, akasema "toa", akapokea. Kwale amelowa mate, hakuna hata ubavu uliovunjika, nilimkagua mwenyewe.


Mzee wa Kwale

Basi mwenye mbwa umeshamjua. Wewe beba bunduki.